Jikoni Kando ya Kivu: Majibu kuhusu Sambaza, Sombe na Maharagi

Barua tatu tulizozichagua kwa toleo hili zimetoka Bukavu, mji wetu wa Kongo kando ya Ziwa Kivu, na zote zinauliza namna ya kulisha nyumba vizuri wakati soko linabadilika kwa kufuata mvua, kiangazi na mwezi.

Jambo sana Mama. Mimi ni mama wa watoto sita, ninaishi Kadutu. Kuna siku sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wanajaa sokoni na bei inapatana. Baada ya muda mfupi bei inapanda, na samaki wenyewe wamelegea. Sina friji, na jirani aliye nayo haitegemei kwa sababu umeme hukatika kila mara. Nifanye nini ili watoto wapate samaki mwezi mzima?

Jambo Mama wa Kadutu. Bei hiyo haipandi kwa tamaa ya wauzaji peke yake, maana sababu yake kubwa iko ziwani na angani. Sambaza huvuliwa usiku kwa taa. Wavuvi huunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, hushusha wavu chini ya mwanga, na samaki hukusanyika juu yake wakifuata vijidudu vinavyovutwa na mwanga huo. Mbalamwezi inapokuwa kamili, taa hupoteza nguvu, samaki hutawanyika, na kinachofika ufukoni Muhanzi alfajiri huwa kidogo. Kwa hiyo nunua kwa wingi siku za usiku wa giza, ukaushe, kisha utumie akiba hiyo siku za mwezi mpevu. Mama anayepanga matumizi yake kwa kufuata mwezi hatalazimika kulipa bei ya juu kwa samaki wa jana.

Mwaka nao una zamu yake. Kuanzia Juni hadi Septemba, upepo mkavu hulikoroga tabaka la juu la ziwa hadi kina cha takriban mita 60, na virutubisho vilivyokuwa vimetulia chini hupanda na kuwalisha mimea na vijidudu ambavyo sambaza hula. Maji ya chini zaidi ya hapo hayachanganyiki na ya juu. Yamebeba gesi na hayana hewa ya kumtosha samaki. Kwa hiyo chakula chetu chote cha ziwani hutegemea tabaka hilo jembamba la juu, na ndiyo maana ninasikitika kila ninapoona sokoni vifaranga vya samaki waliovuliwa kwa nyavu za matundu madogo mno. Usivinunue, hata kama bei inavutia. Sambaza wenyewe ni wageni: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wazee wetu wengi walikuwa bado watoto, na wanaweza pia kupungua tusipowatunza.

Unapochagua, tazama jicho kwanza. Linatakiwa kuwa angavu na lililojaa, ngozi ing'ae kama fedha, na tumbo liwe gumu. Tumbo likipasuka ukiligusa kwa kidole, samaki huyo amekaa juani muda mrefu. Fika sokoni mapema, uende na ndoo yenye kifuniko, na usiwafunge samaki ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu joto la mfuko huwaharibu kabla hujamaliza kupanda mlima wa kurudi Kadutu.

Wakati wa kiangazi kukausha ni rahisi. Waoshe kwa maji safi, wapake chumvi kiasi, uwaache wachuje maji, kisha uwatandaze bila kubanana juu ya wavu ulioinuliwa kutoka ardhini, na uwafunike kwa chandarua ili nzi wasitue. Wageuze mara kadhaa, waingize ndani kabla ya umande, na uendelee kesho yake. Samaki aliyekauka sawasawa huvunjika kwa sauti kavu na hapindi. Akipinda, mrudishe juani, kwa sababu unyevu mdogo tu uliobaki ndani yake utaleta ukungu. Mhifadhi ndani ya kopo lenye kifuniko, mahali pasipo joto la jiko.

Msimu wa mvua, jua la Bukavu halitoshi, na samaki waliotandazwa chini ya mawingu huoza kabla hawajakauka. Hapo tumia mafuta. Wakaange kwa mafungu madogo katika mafuta yaliyoshika moto vizuri. Mwanzoni mafuta yatapiga kelele nyingi kwa sababu maji yanatoka ndani ya samaki; usiwaguse bado. Kelele ikipungua na mapovu kuwa machache, rangi ikielekea kahawia ya dhahabu, maji yamekwisha, na hapo ndipo unapowaopoa. Wakiopolewa mapema hulainika ndani ya saa chache, lakini waliokaangwa hivi hukaa siku mbili au tatu bila friji. Siku ya kupika, chemsha nyanya, kitunguu na sereri (figili ya majani) katika mawese kidogo, uwatumbukize mwishoni kabisa. Watoto wawale wazima na mifupa yake, kwa kuwa huko ndiko iliko kalisi ambayo nyama haiwezi kuwapa.

Jambo Mama. Ninaishi Bagira. Mwezi wa saba na wa nane sombe (kisamvu) inakuwa ngumu na chungu. Mama mkwe wangu huongeza magadi na kufunika sufuria ili iive haraka na kuokoa makala (makaa). Mimi ninaogopa, lakini sitaki kumkosea heshima. Ipi ni njia sahihi?

Dada yangu, hofu yako ina msingi. Majani ya muhogo hubeba sumu ya sianidi iliyofungwa ndani ya chembe zake. Kutwanga ndiko kunakozivunja chembe hizo na kuifungua sumu, na mvuke wa sufuria iliyo wazi ndio unaoitoa. Mtu akitwanga nusunusu kisha akafunika sufuria, anaizuia kutoka. Kwa hiyo twanga mpaka majani yawe laini kabisa kinuni, yachemshe kwa maji mengi bila kifuniko, na usihesabu muda kwa kuangalia rangi peke yake. Mafuta, karanga na samaki huingia baada ya majani kuiva, si kabla.

Magadi ni kweli hulainisha, lakini huharibu vitamini nyingi ambazo ndizo sababu ya kula majani. Mwambie mama mkwe kwa upole kwamba nia yake ya kuokoa makala ni nzuri, na mtimize nia hiyo pamoja kwa njia nyingine: chagueni majani machanga ya juu peke yake, maana ugumu unaoulalamikia ni wa majani yaliyokomaa kwa kukosa mvua. Mkiyakosa, pumzisheni sombe hadi mvua za Septemba zirudi. Hakuna sheria inayosema nyumba ya Bukavu ile sombe kila wiki ya mwaka.

Kiangazi kina mboga zake. Wakati vilima vimekauka, wakulima hushuka mabondeni, kama kule Nyangezi, wakalima pale ambapo ardhi bado ina maji, na kutoka huko ndiko yanakotoka lengalenga (mchicha), kabichi na vitunguu vya majani. Matembele na majani ya maboga huiva kwa muda mfupi sana kuliko sombe, na ukiyapika kwa mawese na unga wa karanga utapata mboga yenye uzito uleule mdomoni kwa robo ya makala. Mimi binafsi, mwezi wa nane, ninayapenda matembele kuliko sombe yoyote.

Mama, sisi ni wanafunzi wawili wa chuo kikuu, tumepanga chumba kimoja na tuna mbabula (jiko la makaa) moja. Maharagi yanamaliza makala yetu yote. Je, tuyaache?

Msiyaache, wanangu. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hiki maji huchemka kwa takriban nyuzi 95, si 100, kwa hiyo maharagi yetu huchelewa kuliko ya mtu anayepikia pwani. Hilo hatuwezi kulibadilisha, lakini mengine yamo mikononi mwenu.

Nunueni maharagi mapya, yanayoingia sokoni baada ya mavuno ya Januari na ya Juni. Yaliyokaa ghalani mwaka mzima huwa magumu na hayalainiki hata mkiyapikia gunia zima la makala. Mwezi wa Mei na mwanzoni mwa Juni tafuteni mabichi yaliyo bado ndani ya maganda, kwani hayo hayahitaji kulowekwa. Makavu yaloweke usiku kucha, mmwage maji hayo, kisha mchemshe kwa moto mkali nusu saa kamili. Nusu saa hiyo msiipunguze, kwa sababu maharagi yasiyochemka vizuri huleta kutapika na kuhara. Baada ya hapo funikeni sufuria, iondoeni motoni, muizungushie mablanketi ndani ya kikapu kikubwa, na mwende darasani. Joto lililofungwa humo litaendelea kupika bila kaa hata moja. Mkirudi, rudisheni sufuria motoni mpaka ichemke tena.

Nyanya ziingie baada ya punje kulainika, maana uchachu wake huzuia maharagi kuiva. Mkikosa fedha ya mafuta, avoka lililoiva, lililokatwa juu ya sahani na kunyunyiziwa chumvi na pilipili, linatosha kabisa pamoja na bugali.