Maji matamu ni ya kisima cha shamba, ila msiusahau mtungi

Wiki hii mmeuliza maji gani matamu kuliko yote msomaji aliyowahi kunywa. Najua wengi mtataja chemchemi za milimani, Lushoto sijui Kilimanjaro, haya sawa, mie nataja kisima cha Unguja kusini, upande wa Makunduchi na Jambiani huko, ambako ardhi ni mawe matupu na mgeni hawezi kuamini kama chini yake kuna maji ya kunyweka.

Skuli zikifungwa tulikuwa tunapelekwa kwa bibi. Kule hakuna mto wala kijito, mvua ikinyesha inazama yote kwenye mawe maana ni matumbawe ya zamani yamejaa matundu, na bahari nayo imeshapenya kwa chini, sasa maji ya mvua kwa vile ni mepesi kuliko ya chumvi yanakaa juu yake. Hayo mie nimekuja kuyasoma ukubwani, bibi alikuwa anayajua zamani, kila siku anatupigia kelele teka juu juu, usizamishe ndoo! Ukijifanya mjuaji ndoo ikafika chini kabisa unaibuka na maji ya kuoshea miguu. Visima vya karibu na pwani ndo usiseme, bahari ikijaa navyo vinapanda, ikipwa vinashuka, siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, unaweza ukakuta kamba yako haifiki.

Ndo maana kila kisima kilikuwa na kazi yake. Cha pwani cha kufulia, japo sabuni ilikuwa haitoi povu la maana, na ole wako upike chai na maji yale. Cha kunywa kilikuwa ndani huko karibu na mbuyu, kamba za usumba zimekwaruza jiwe la ukingoni mpaka limeweka mifereji, na asubuhi foleni ya kinamama na watoto na habari zote za kijiji unazipata pale kabla hata hujateka.

Lakini niseme ukweli, maji yakitoka tu kisimani yalikuwa ya kawaida, wallahi, hata baridi hayakuwa nayo. Utamu ulikuwa unatengenezwa nyumbani. Bibi akiweka ubani kwenye makaa, anaufunika mtungi mdomo chini mpaka moshi uingie wote, halafu ndo anachuja maji na kitambaa cheupe anatia, na akijisikia anatupia na asumini. Mtungi unakaa kivulini kwenye upepo, ule udongo unatoka jasho kwa nje na jasho likikauka linaondoka na joto, basi jioni ukichota na kata ya kifuu maji baridi, yananukia, unakunywa mpaka tumbo linacheza. Friji inatoa maji baridi zaidi ndio, lakini yanauma meno na hayana harufu yoyote, sasa hiyo raha gani.

Sisemi watu warudi kunywa hivyohivyo. Kipindupindu kimeingia Zanzibar mara nyingi tangu miaka ya 1970, na kisima kilicho wazi choo hakiko mbali, kwenye mawe yenye matundu kama yale, hata masika moja tu inatosha kuleta balaa. Moshi wa ubani hauui vijidudu jamani, chemsheni au tieni dawa.

Mie sasa niko mjini, nimenunua mtungi wangu, nachemsha maji ya bomba yakipoa namimina humo baada ya kufukiza kama bibi. Wanangu hawayataki, wanasema yananuka maulidi, wao na chupa zao za dukani. Mume wangu ndo kwanza kaanza kuchota kwa siri akidhani simwoni, na kata hairudishi mahali pake.