Utosi unaong'aa: maswali yenu kuhusu upara wa kovu

Tangu nilipoandika juu ya upara unaoacha kovu, ujumbe wenu haujakatika, kutoka kila komini ya Lubumbashi, Katuba hadi Ruashi. Wengi mmesikia kwa ndugu walioko Ulaya na Marekani kwamba kuna dawa mpya zinajaribiwa. Leo najibu ninayoweza.

*"Mama, nywele za utosini zimeisha, mwaka wa tatu sasa. Binti yangu yuko Ubelgiji, anasema Wamarekani wanajaribu dawa mpya. Nikiipata zitarudi?" (Mama wa watoto watano, Katuba)*

Mama yangu, nianze na lile zito. Palipokwisha kuwa kovu, nywele hazirudi, hata kwa dawa hizo mpya. Kila unywele una kitundu chake ndani ya ngozi, na ubavuni mwa kitundu hicho zimo seli shina zinazouotesha tena kila unapodondoka. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili inashambulia hapo hapo. Seli shina zikifa, kitundu kinazibwa na kovu.

Lakini usifunge kitambaa ukakata tamaa. Upara wako unatoka utosini ukienda pande zote, na kandokando ya pale panapong'aa kuna nywele ambazo bado zinaweza kuokolewa. Mama mmoja alifungua kitambaa mbele yangu majuzi, nikammulika kwa taa ya simu. Katikati ngozi ilikuwa laini, haina hata kitundu kimoja. Nikasogeza taa upana wa vidole viwili: vitundu vipo, vingine vimetoa nywele mbili tatu pamoja kama zimefungwa kwa uzi. Nikabonyeza kidogo, akashtuka. "Hapo ndipo panapowaka usiku," akasema. Katikati, palipoisha, hakusikia kitu. Basi dawa tunaipeleka pale panapowaka.

Na dawa za kuanzia zipo hapa Lubumbashi, huna haja ya kungoja Marekani: krimu kali ya steroidi, sindano ndogo za steroidi kwenye ngozi ya kichwa, doksisaiklini ya kutuliza uvimbe. Kabla ya hapo omba biopsia. Watakutia ganzi na kukata kipande cha milimita 4, kidogo kuliko punje ya hindi, kutoka kwenye ukingo unaouma. Wakikata palipong'aa, maabara itaona kovu tu na haitajua kilicholileta.

*"Hizo dawa mpya zinafanyaje kazi, na watajuaje kama zimesaidia?" (Mwanafunzi wa uuguzi, Kampemba)*

Swali zuri, dada. Prednisoloni, steroidi ya kumeza, inanyamazisha kinga karibu yote. Dawa mpya zinalenga mahali pamoja. Seli za kinga huitana kwa ishara, na ishara ikifika kwenye seli hupitishwa ndani na vimeng'enya viitwavyo JAK. Ukivizuia, ishara inafika lakini haitekelezwi. Dawa mojawapo, brepositinibu, inazuia JAK1 pamoja na ndugu yake TYK2. Imejaribiwa kwa wagonjwa wa upara wa kovu katika hospitali ya Mount Sinai, New York.

Sehemu ya pili ya swali lako ndiyo ngumu kuliko zote. Katika magonjwa mengine unahesabu nywele zilizoota. Hapa, dawa ikifanya kazi vizuri kabisa, picha ya leo na ya mwakani zinaweza kufanana, kwa sababu ushindi ni kwamba upara haukusonga. Sasa utautofautishaje na ugonjwa uliopumzika wenyewe? Ndiyo maana watafiti hawakutegemea macho peke yake. Waliojitolea walikatwa vipande vya ngozi kabla ya dawa na wakiwa kwenye dawa, maabara ikapima ishara za uvimbe, hasa moja iitwayo CCL5. Na ndiyo maana wengine walipewa kidonge kisicho na dawa, bila wao wala daktari kujua. Kwa wiki 24 tu. Baada ya hapo wote walipewa dawa yenyewe. Najua mtu akisikia "kidonge kisicho na dawa" anaona kadanganywa. Hakudanganywa, maana aliambiwa kabla ya kutia sahihi kwamba jambo hilo linaweza kumpata, na ana haki ya kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu.

*"Nimetumiwa picha kwenye WhatsApp: mtu hana nywele kabisa, baada ya miezi amejaa. Muuzaji anasema ni vidonge vya JAK. Ninunue?" (Papa, Ruashi)*

Hapana, papa. Picha za namna hiyo kwa kawaida ni za ugonjwa mwingine, upara wa mabaka, ambao hauui seli shina. Kwa huo, barisitinibu iliidhinishwa Marekani mwezi wa 6, 2022. Wewe unauziwa matumaini ya mtu mwingine.

Tena vidonge hivi vinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini, na mjini kwetu wengi tumewahi kuishi nyumba moja na mwenye kifua kikuu. Kuna hatari ya damu kuganda mishipani pia. Daktari hupima kifua kikuu na homa ya ini kabla ya kidonge cha kwanza. Muuzaji wa WhatsApp hapimi.

*"Mume wangu anameza metformini ya sukari. Nasikia inasaidia nywele. Nichukue yake?" (Dada, Kamalondo)*

Uliyosikia yana mzizi. Mwaka 2024 madaktari wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa 12 wenye upara wa kovu wa utosini, waliomeza metformini kwa dozi ndogo. Maumivu na muwasho vilipungua, baadhi wakaota nywele kidogo. Walipoacha, dalili zikarudi. Mimi imenipa moyo sana, kwa kuwa ni dawa ya bei nafuu na imo katika maduka yetu. Ila watu 12 ni wachache, na hakukuwa na kundi la kulinganisha. Mwache mume wako na vidonge vyake, figo zako zipimwe, umuulize daktari.

*"Wakwe zangu wanasema nimerogwa." (Dada, komini ya Kenya, hapa Lubumbashi)*

Pole sana, dada. Mwaka 2019 watafiti walikuta kwa baadhi ya wanawake wenye upara huu hitilafu katika jeni liitwalo PADI3, linalosaidia kuunda unywele. Muulize mama yako na shangazi zako vile utosi wao ulivyo, au ulivyokuwa. Hakuna aliyekuroga.

*"Naweza kuendelea kusuka?" (Wengi)*

Misuko inayovuta, meshi nzito na dawa ya kunyoosha nywele, acheni wakati ngozi inauma. Msuko mlegevu hauna neno. Ukitoka saluni na usiku huwezi kulaza kichwa kwenye mto, fumua usiku huo huo, hata kama umelipa.