Nusu siku nzima kwa Rodin? Nenda, lakini si Jumatatu

Ndugu uliyeuliza kama ukiwa na siku tatu tu Paris inafaa kumpa mchongaji mmoja, Mfaransa Auguste Rodin, nusu siku kwenye makumbusho yake (Musée Rodin): inafaa. Ila Jumatatu hawafungui. Mimi sikuuliza mtu, nikaishia kuchungulia getini.

Nimezaliwa Changamwe, Mombasa. Marehemu baba alichonga vinyago hadi vidole vikapinda, kwa hiyo nilikwenda nikijua kwamba mwenye kazi ni yule aliyeshika tezo. Kumbe Rodin alikuwa mtu wa udongo! Alifinyanga kwa vidole; marumaru nyingi zilichongwa na mafundi wake kwa kufuata vipimo vya sanamu ya plasta, na za shaba zikasubiwa, yaani shaba ikayeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, na wasubu. Baba angeuliza tu: "Sasa yeye kafanya nini?"

Jibu nililipata kwenye mikono miwili ya jiwe, kazi ya 1908 iitwayo La Cathédrale. Imesimama, vidole vinakaribiana bila kushikana. Niliipita mara mbili. Mara ya tatu nikajaribu kuiiga, mikono ikakataa, nikaangalia vizuri: yote miwili ni ya kulia! Ikabidi nimwite mke wangu alete wake. Mlinzi akageuka upande kuficha kicheko. Huyo fundi wa nyundo hakuyawaza hayo, baba.

Usikiruke chumba cha Camille Claudel, aliyekuwa mwanafunzi na msaidizi wake. Ana kikundi kidogo cha wanawake wanne wamebanana kwenye kona, mmoja anawanong'oneza wenzake. Utadhani umewakuta barazani Kibokoni. Mimi kile nakipenda kuliko nusu ya kazi za mwalimu wake, na sibishani na mtu.

Bustanini iko Milango ya Jehanamu. Rodin aliagizwa 1880, kwa jumba ambalo halikujengwa kamwe, akaichezea miaka na miaka, akafa 1917 kabla haijasubiwa kwa shaba. Sisi wa Mombasa tumezoea milango yenye mfaa, ule mti wa katikati, inayofunguliwa kila asubuhi; huu haufunguki, umejaa watu wanaoporomoka. Inua macho sehemu ya juu, katikati: yule mtu anayewaza, Le Penseur, alianzia pale, mdogo, kabla ya kukuzwa na kuwekwa peke yake.

Kwa metro panda laini ya 13, ushuke Varenne. Utakuta nakala ya Le Penseur hapo hapo kituoni. Usipige picha ukarudi hotelini. Kuna jamaa yangu alifanya hivyo.