Presha imepanda lakini naambiwa ipo sawa, je nitajifungua njiti?

SWALI: Habari dada nesi, nipo Makorora hapa Tanga, mimba ya kwanza, wiki ya 31. Nilianza kliniki na miezi mitano presha ikawa 98/60, juzi nimepimwa imekuja 126/82, naambiwa ipo sawa tu. Dada yangu wa tumbo moja alipata presha akajifungua wa miezi saba. Na mimi nitajifungua njiti? Halafu mama mkwe anameza losartani, dawa ya presha, naweza kumeza nusu kidonge nijikinge?

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Aliyekwambia ipo sawa hajakudanganya, maana presha ya mimba tunaanza kuihesabu kuanzia 140 kwa 90, tena iwe imepimwa mara mbili kwa kupishana masaa manne hivi, na ikifika 160 kwa 110 hapo hakuna kusubiri. Wewe hujafika huko. Ila mimi ningeichukua kadi yako nisome mstari mzima tangu siku ya kwanza, sio namba ya juzi peke yake, na ya kwako imepanda 28 juu na 22 chini.

Sasa usishtuke kwanza. Mimba ikiingia mishipa ya damu inalegea, kwaiyo presha inashuka yenyewe, inafika chini kabisa kwenye wiki ya 20 kwenda 24 hivi, halafu inaanza kupanda taratibu mpaka karibu na kujifungua. We umeanza kliniki na miezi mitano yani umepimwa ikiwa bondeni, na ya kabla ya mimba hatuijui, ndo maana kila siku tunapiga kelele mama aanze kliniki kabla ya wiki 12. Kwaiyo sehemu ya hiyo 28 ni kawaida ya mwili. Sehemu, sio lazima yote, na hiyo namba ya chini kutoka 60 mpaka 82 mimi isingenipa usingizi mzito. Zamani kupanda 30 juu au 15 chini peke yake kulitosha mtu kuambiwa ana presha ya mimba, siku hizi hatumpi mtu ugonjwa kwa hilo tu, ila tunamfatilia kwa karibu.

Kuhusu njiti, watu wengi wanadhani presha inaleta uchungu mapema. Mara nyingi sio hivyo. Shida inaanzia kwenye kondo la nyuma, mishipa yake haikufunguka vizuri tangu mimba changa, mtoto anapata damu kidogo anadumaa, na mama figo na ini vinaanza kuumia, hapo daktari ndo anaamua mtoto atoke hata km wiki 37 hazijafika maana dawa ya kuimaliza hiyo hali ni kujifungua tu. Nahisi kwa dada yako ilikuwa hivyo. Ikigundulika mapema tunapata muda, presha inashushwa kwa dawa km metildopa au nifedipini, na km mtoto atatoka kabla ya wiki 34 mama anachomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Hizo sindano zinabadilisha mambo sana jamani.

Mimba ya kwanza na dada aliyepata, vyote vinakuongezea uwezekano, ila sio hukumu. Usisubiri tarehe ya kwenye kadi, nenda wiki hii upimwe tena na mkojo uangaliwe protini (hiki kipimo wanakiruka sana, kidai) halafu presha irudiwe kila wiki. Ukifika na bodaboda juani usikimbilie kupimwa, kojoa kwanza, kaa dakika tano umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo na usipige stori. Nimeona mama kaambiwa ana presha, kapumzishwa kidogo ikashuka.

Ukiumwa kichwa kisichosikia panadoli, ukaona vimulimuli au ukungu, ukaumwa chini ya mbavu za kulia, uso na mikono ikavimba ghafla au mtoto akapunguza kucheza, nenda hospitali ya Bombo saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane, beba kadi. Ukiachia inaweza kufika kwenye kifafa cha mimba.

Kuna aspirini ya dozi ndogo tunawapa wenye hatari kubwa, ila inaanzwa mimba ikiwa na wiki 12 mpaka 16 hivi, sa hivi umechelewa, mimba ijayo mwambie daktari habari za dada yako mapema.

Losartani hapana kabisa, hata robo. Hiyo na ndugu zake km kaptopri na enalapri zinaharibu figo za mtoto tumboni na kukausha maji ya uzazi. Na km ulishaimeza siku yoyote niambie, au mwambie nesi wa kliniki bila kuona aibu, ili mtoto aangaliwe kwa utrasaundi.