Waume Wetu Wanasema Siri za Nyumba Hazianikwi

SWALI: Mwalimu, hujambo. Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama hapa Nyalenda, Kisumu. Wengi wetu tunauza omena, na waume wengine ni wavuvi. Kila tukikutana kuhesabu pesa, mazungumzo yanaishia kwa ndoa: huyu hasemezani na mzee wake, yule hajui mshahara unakwenda wapi. Tukaonelea tuanzishe mafunzo ya ndoa, mume na mke pamoja. Waume wamekataa. Wangu anasema siri za nyumba hazianikwi, na eti haya ni mambo ya Wazungu. Tuendelee au tuache? Kuna pia mwenzetu anayepigwa na mumewe. Tunaona yeye ndiye angetangulia kuletwa. – Mama wa Nyalenda

JIBU: Sijambo, dada. Endeleeni, ila mumeo ana hoja moja ya haki na msipoiheshimu hamtampata. Mwanamume akidhani ataketishwa mbele ya majirani asomewe makosa yake, haji. Hata mimi nisingekuja. Kwa hiyo mumwambie wazi kwamba hakuna atakayeulizwa ya nyumbani kwake.

Kuhusu Wazungu, hapana. Aulize wazee wa Kijaluo. Wasichana walilala siwindhe, yaani nyumba ya bibi mzee aliyeitwa pim, wakifundishwa kuishi na mume na wakwe. Wavulana walifunzwa na wazee kwenye duol, kibanda cha mzee wa boma, wakiota moto. Mafunzo yalitangulia ndoa. Leo vijana wanapatana, wanapanga chumba mtaani Manyatta, na mtu wa kwanza kuwaketisha ni chifu, siku wameshaumizana. Pengo hilo ndilo linaloniuma, na ndilo chama chenu kinaweza kuliziba.

Sasa mfundishe nini? Punguzeni mahubiri. Watu wanajua wapendane. Wasichojua ni namna ya kulalamika bila kutukana na namna ya kusikiliza bila kujitetea. Howard Markman na Scott Stanley wa Chuo Kikuu cha Denver, Marekani, wana zoezi ambalo nimelitumia sana: mmoja anashika kitu na kusema kwa ufupi, mwenzake anarudia alichosikia kabla ya kujibu. Vikundi vyangu hushika mwiko. Kila wenzi hukaa kona yao, wakaongea kwa sauti ya chini, na huanza na jambo dogo.

Wenzi fulani waliniruhusu niketi karibu nao. Mke, ameshika mwiko, akasema: “Ulipotuma pesa za mabati kwa mama, nilisikia kwa jirani.” Mume akarudia: “Unasema mama yangu asisaidiwe.” Mke akatikisa kichwa. “Sijasema hivyo. Nilisikia kwa jirani.” Mume akajaribu tena, akaanza kueleza bei ya mabati, mke akainua mwiko. Mara ya tatu akanyamaza kidogo, halafu akasema: “Ungetaka usikie kwangu kwanza.” Mke akampa mwiko. Walikuwa wamegombania mabati miezi mingi, kumbe mabati hayakuwa na neno.

Msitarajie miujiza. Serikali ya Marekani iliwahi kugharamia mafunzo kama haya katika programu 8, kwa wazazi ambao hawakuwa wamefunga ndoa. Kwa jumla hayakuwafanya wadumu pamoja zaidi. Oklahoma ndiko yalikoonyesha faida, na huko ndiko watu walikohudhuria zaidi. Basi shughulikieni saa kabla ya mada. Msiweke Jumapili, siku Kibuye imefurika na nyinyi mko sokoni. Mvuvi wa omena hushinda ziwani usiku na taa zake. Wakati wa mbalamwezi kali ndipo hupumzika, basi mpangie hapo. Mwaliko nao upelekwe na mwanamume anayeheshimiwa, na somo la kwanza liwe bajeti ya karo. Hilo halimwaibishi mtu.

Siku moja mweleze Sheria ya Ndoa ya 2014. Ndoa ya kimila inatambuliwa na inapaswa kusajiliwa, na wengi wenu mnaweza kufaidika.

Lakini huyo mwenzenu msimlete darasani na mumewe. Hapo mmekosea, na nasema kwa kuwajali. Anayepigwa hawezi kushika mwiko akasema ukweli huku anajua wanarudi nyumba moja jioni. Neno atakalosema mchana atalilipia usiku. Sheria ya 2015 dhidi ya dhuluma za nyumbani inamruhusu kuomba amri ya ulinzi mahakamani. Mwite kando mkiwa wawili tu, mahali mumewe hapiti, umsikilize bila kumuuliza kwa nini hajaondoka. Mpe namba 1195, ya simu ya msaada kwa wanaodhulumiwa, haina malipo, na asiihifadhi kwenye simu kama mumewe huikagua. Aikariri kichwani. Muulize pia angekimbilia kwa nani usiku akilazimika, na kama hana, chama kiamue mapema ni nyumba ya nani itakayomfungulia mlango.