Rangi za maji nje ya nyumba: jifunze kwanza kusoma unyevu wa karatasi

Wengi wanaoanza kuchora kwa rangi za maji huulaumu mkono wao: sijui kuchora mti, sijui kuchora mawingu. Lakini ukitazama kazi zao, mti ulikuwa umekaa vizuri kabisa kwenye penseli, ukaharibika dakika tano baada ya brashi kuingia. Kilichouharibu ni maji. Rangi iliwekwa karatasi ikiwa bado mbichi, au iliguswaguswa ilipokuwa karibu kukauka. Kwa hiyo kabla hujanunua kisanduku cha rangi 24, jifunze maji yanavyotembea kwenye karatasi, hasa kama unakusudia kuchora kambini, ambako jua, upepo na umande hubadilisha kasi ya kukauka saa hadi saa.

Fanya jaribio hili mezani. Paka maji safi kwenye miraba minne ya sentimita 10 kwa 10, kisha inamisha karatasi uitazame kwa ubavu kuelekea dirishani. Mwanzoni inang'aa kama kioo, maji yanaelea juu. Baadaye mng'ao unapungua na kuwa kama wa hariri. Halafu unapotea kabisa, ila ukigusa kwa mgongo wa kidole unahisi ubaridi. Mwisho karatasi imekauka na ubaridi umekwisha. Katika kila hali, dondoshea mraba mmoja tone la bluu. Kwenye kioo, tone hutawanyika ovyo. Hali hii inafaa anga na maji yaliyotulia. Kwenye hariri, hutanuka kidogo na kubaki na kingo laini: hapo ndipo mawingu, vilima vya mbali na miti iliyo ndani ya ukungu hupatikana. Kwenye karatasi kavu, kingo hutoka kali, nzuri kwa matawi na mawe ya karibu.

Hali ya tatu, ile ya ubaridi usio na mng'ao, ndiyo inayoharibu picha nyingi. Pigmenti, yaani chembe zinazotoa rangi, imeanza kutua, kisha brashi iliyolowa inaleta maji mapya. Maji hayo huisukuma pigmenti pembeni na kuacha doa lenye kingo za mapindopindo kama koliflawa. Doa likitokea, usiliguse. Kila mguso unaongeza maji na kulitanua. Liache likauke kabisa, kisha lainisha kingo zake kwa brashi yenye unyevu kidogo, au ligeuze kuwa kichaka.

Kanuni ya kushika ni kwamba brashi inayoingia kwenye eneo bichi isiwe na maji mengi kuliko eneo lenyewe. Ukishachovya rangi, gusisha brashi kwenye kitambaa mahali nywele zinapoingia kwenye bati, si kwenye ncha. Kitambaa kinanyonya maji ya ziada kutoka tumboni mwa brashi, na rangi inabaki nchani. Rudia mpaka mkono ufanye wenyewe bila kuambiwa.

Kuhusu vifaa, pesa ziende kwenye karatasi kwanza. Chukua ya gramu 300 kwa mita ya mraba, na ukiweza iwe ya pamba asilimia 100. Iliyo chini ya gramu 200 hujikunja ikilowa, maji yakakusanyika mabondeni na rangi ikakauka kwa madoa. Karatasi ya pamba hukaa na unyevu muda mrefu zaidi, kwa hiyo ile hali ya hariri inakusubiri, na inavumilia kuguswa tena bila kuchubuka. Rangi rahisi kwenye karatasi nzuri itakupa kazi ya kuridhisha; rangi ghali kwenye karatasi mbaya haitakusaidia. Ukubwa wa A5 au A6 unatosha, kwa kuwa karatasi kubwa juani hukauka upande mmoja kabla hujafika wa pili.

Brashi mbili zinatosha: ya duara namba 8 au 10 yenye ncha inayorudi ikilowa, na ya duara namba 4. Ongeza penseli ya HB, kitambaa cha pamba, vibanio viwili vya kushikia karatasi kwenye upepo, na vikombe viwili vya maji, kimoja cha kusuuzia na kingine kibaki safi.

Kwenye rangi, soma namba ya pigmenti kwenye lebo badala ya jina, maana majina hutofautiana kati ya watengenezaji. Sita hizi zinabeba karibu mazingira yote: altramarini, ambayo ni bluu iliyokolea (PB29), bluu ya thalo (PB15), njano angavu (PY154), udongo wa njano (PY43), siena iliyochomwa, ambayo ni kahawia yenye wekundu (PBr7) na waridi ya kwinakridoni (PV19). Jihadhari na nyekundu yenye namba PR83: ni nzuri machoni lakini hupauka ikikaa kwenye mwanga. Kwa safari, kamulia rangi ya tyubu kwenye vijisanduku vidogo kwa awamu mbili, kila awamu ikauke siku kadhaa. Ukijaza mara moja, rangi hupasuka katikati na vipande hudondoka.

Altramarini na siena iliyochomwa hukupa kijivu cha kila namna, kuanzia ukungu wa asubuhi hadi weusi wa shina lililolowa. Siena ikizidi, kijivu kina joto. Altramarini ikizidi, kina ubaridi. Zaidi ya hapo, chembe za altramarini hutuama kwenye vishimo vya karatasi na kutoa ukwaruukwaru unaofanana mno na jiwe. Rangi nyeusi ya dukani haikupi hilo.

Kijani ndicho kinachowasumbua wanaochora mazingira kuliko rangi nyingine yoyote. Kijani cha tyubu kikitumika peke yake hutoka kama plastiki. Changanya mwenyewe: njano angavu na bluu ya thalo kidogo sana, kisha siena iliyochomwa kwa ncha ya brashi. Wekundu uliomo kwenye siena hupunguza ukali wa kijani na kukifanya kionekane kimeota ardhini. Anza na njano uongeze bluu, kwa sababu thalo ina nguvu sana na ukianza nayo utamaliza njano yote ukiifukuzia. Majani yaliyopigwa na jua ni njano nyingi na maji mengi. Ya kivulini ni altramarini, siena na njano kidogo. Miti ya mbali iende kwenye bluu, nyepesi, bila maelezo mengi. Nyumbani, paka mstari wa kijani 12 tofauti, andika mchanganyiko chini ya kila kimoja, na ubandike ndani ya jalada la daftari. Na kumbuka rangi hizi zikikauka hupauka, kwa hiyo ikiwa bichi iwe nzito kidogo kuliko unavyotaka.

Ukifika kambini, tafuta kivuli kwa ajili ya karatasi kabla ya kutafuta mandhari. Picha iliyochorwa juani huonekana yenye giza ukiiingiza ndani, kwa sababu jua lilikuwa linaing'arisha kuliko ilivyo. Kivuli cha hema lenye rangi nacho hakifai: kitambaa cha chungwa hufanya kila kitu kiwe cha chungwa, pamoja na rangi zako. Vua na miwani ya jua.

Kisha chora kijipicha cha sentimita 4 kwa 6 chenye ngazi tatu tu: nyeupe, kati na nyeusi. Dakika tatu zinatosha. Weka alama ya vivuli hapo hapo na usivibadilishe tena, maana dunia huzunguka digrii 15 kwa saa na vivuli havitakungoja. Anayevifukuza huishia na picha yenye majua mawili. Sehemu nyeupe ziachwe karatasi tupu tangu mwanzo. Paka maeneo mapana mepesi, subiri, weka rangi za kati, subiri, malizia na zilizoiva zaidi.

Kwenye joto na upepo, lowesha karatasi pande zote mbili na uilaze juu ya ubao wa plastiki. Itakaa mbichi muda mrefu zaidi. Asubuhi yenye umande ni kinyume chake, mpako mmoja unaweza kukawia sana. Usiupeleke kwenye moto wa kambi, karatasi itapinda na cheche ni hatari. Anza picha ya pili, uwe unapokezana nazo.

Maji machafu usiyamwage kijitoni. Baadhi ya pigmenti zina kadimiamu au kobalti, metali zenye sumu. Tembea angalau mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji ukamwage ardhini, au yabebe kwenye chupa. Usilambe brashi, usichanganye kikombe cha rangi na cha kunywea. Kabla ya kulala acha kisanduku wazi ndani ya hema. Kikifungwa kibichi kwenye joto, kuvu hushambulia ile gundi ya mgunga inayoshika pigmenti.

Siku za kawaida, dakika 15 na jani moja zinatosha. Liweke kwenye karatasi nyeupe, mwanga utoke upande mmoja. Paka jani lote kijani chenye njano. Mng'ao ukifika hali ya hariri, dondoshea kijani kizito nusu ya upande wa kivuli, uache kiingie chenyewe. Suuza brashi namba 4, ikamue, na uivute mara moja kwenye uti wa jani: itanyonya rangi na kuacha mstari mwepesi. Likikauka, paka kivuli chake kwa altramarini na siena, kingo kali pale jani linapogusa karatasi, kisha uzilainishe kwa maji kuelekea nje. Nyuma andika saa, mchanganyiko na muda uliotumika kukauka. Kesho lichore tena jani lilelile. Litakuwa limejikunja, na kivuli kitakuwa kimeachana nalo upande mmoja, kikiruhusu mwanga mwembamba kupita katikati. Mwanga huo uache karatasi tupu.