Kwa vijana wanaoanza kuongoza wageni mchangani

Juzi kambini nilimsikia kijana wetu mmoja akiwaambia wageni kwamba Thesiger, yule msafiri Mwingereza, aliivuka Rub' al Khali, jangwa kubwa la mchanga la Uarabuni, peke yake. Sikumkatiza mbele ya watu, lakini siwezi kunyamaza zaidi, kwa kuwa kosa hilo nimewahi kulifanya na uchungu wake ninao mpaka leo.

1. Punguzeni upepo wa matairi kabla ya kuingia mchangani, msingoje mkwame.

2. Yajueni majina. Katika msimu wangu wa kwanza niliwasimulia wageni jinsi Mwingereza huyo alivyoondoka Salalah, pwani ya kusini ya Oman, mwaka 1946 na kufika karibu na Liwa, oasisi ya upande wa pili wa jangwa, akiwa na njaa na kiu. Mgeni mmoja akauliza nani aliyeijua njia, nami nikajibu kwamba alikuwa na watumishi wa Kibedui. Kisha, kwa fahari, nikamgeukia shaibu wa Kirashidi, kabila la Kibedui la jangwa hilo, aliyetuletea kuni na kumtafsiria maneno yangu kwa Kiarabu. Alikuwa bado kwenye finjani ya kwanza. Akaitikisa kuonyesha kwamba hataki tena kahawa, akaniuliza: "Muhammad al-Auf alikuwa mtumishi wa nani?"

Jina hilo sikuwahi kulisikia. Usiku ule sikupata usingizi, na alfajiri nikamfuata kumwomba radhi. Hakunigombeza, alinikalisha akanieleza kwamba al-Auf alikuwa amekwisha kuupita mchanga ule kabla ya safari hiyo, na kwamba wengi wa msafara waliporudi nyuma, yeye ndiye aliyewaongoza waliobaki. Walipokaribia Liwa chakula kikiwa kimekwisha, Thesiger alilazimika kujificha, na wenzake ndio walioingia vijijini kutafuta cha kula. Alinirudisha mara kadhaa katika majina manne ya hao waliobaki na Thesiger, Muhammad al-Auf, Salim bin Kabina, Musallim bin Tafl na Mabkhaut bin Arbain, hadi nikayatamka sawasawa.

3. Tuta msilolijua lipandeni kwanza kwa miguu. Kule Uruq al-Shaiba, kwenye matuta makubwa ya safari ile, al-Auf alitangulia akitembea kutafuta mahali ngamia wanapoweza kupita, na ngamia wenyewe walikuwa wamechoka na maji ya watu yalikuwa ya kupimiana. Nyinyi wanangu mna mapipa ya maji na gari la pili nyuma yenu, na bado kushuka garini mnaona kazi.

Ijumaa baada ya sala nitaketi na kijana wetu yule. Mdila wa kahawa nitaleta mimi.